Mkanda wa Presha kwenye Dirisha la Susu

Mwaitu,

Kosa wanalofanya wengi wakishanunua mashine ya kupima presha ni kuiamini namba ya kwanza. Mtu ametoka kupanda kilima na kiondo mgongoni. Anaketi pembeni mwa kitanda, miguu inaning'inia, mkono uko ndani ya sweta, mdomo unaendelea kumjibu jirani, kisha anabonyeza kitufe. Namba inatokea. Ikiwa kubwa, nyumba nzima inashikwa na hofu. Ikiwa ndogo, mtu anaacha dawa. Na mashine haijadanganya. Imepima ilichopewa: kilima, sweta, maneno na mtu mwenyewe, vyote kwa pamoja.

Nimeanza na kosa hilo kwa sababu ni letu, na kwa sababu mwalimu hata akistaafu hawezi kusalimia kabla ya kueleza jambo. Sasa nakusalimu. Jua linakaribia kuzama nyuma ya miembe ya jirani, wewe uko jikoni unapika isyo, na harufu ya mahindi na maharagwe inanifikia hapa mezani. Nakuandikia barua hii, binti yangu, uisome kesho asubuhi kabla hujaondoka kwenda Kitale. Au kabla hujaamua kutoondoka, kwa maana mpaka sasa sijui ni lipi.

Jumapili, ukiwa umeinamia sufuria, ulisema utawapigia simu wale watu wa kampuni ya mbegu waliokupa kazi uwaambie watafute mwingine. Ulilisema polepole, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nilinyamaza, na najua ulidhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Uliniuliza swali moja tu juu ya bibi yako, "Nani atamfunga Susu mkanda?" na katika nyumba yetu swali hilo lilikuwa gumu kuliko mtihani wowote niliowahi kuutunga. Sasa nina jibu. Lakini sikulipata mimi, kwa hiyo nivumilie nilifikie kwa njia yake.

Sitakuandikia juu ya baridi ya Kitale, wala blanketi, wala kupiga simu ukifika. Hayo unayajua kunishinda. Nataka kukuandikia juu ya kitu ulichotufanyia kila asubuhi kwa miaka hii yote, ambacho hatukukushukuru hata mara moja kwa maneno, kwa sababu kilikuwa kinafanyika kimya kimya.

Unaijua nthoni, lakini niruhusu niieleze kana kwamba wewe ni mgeni, maana jambo tulilozaliwa ndani yake huwa hatulioni. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hatumshiki mkono. Hatuketi naye benchi moja. Nikikutana naye njiani, mmoja wetu anapisha. Vijana wa siku hizi wameilegeza, na siwalaumu, lakini mimi na Susu tumeoneshana heshima hiyo tangu siku nilipokwenda kwao Muthetheni kumposa mama yako, na mtu hafundishwi upya kutembea akiwa na mvi.

Mama yako alipofariki, na wajomba zako wakawa wote wameelemewa na Nairobi, wewe ndiye uliyesema Susu hawezi kubaki peke yake Muthetheni, mbali na hospitali. Watu wa hapa Kalama walicheka. Fundi aliyejenga kile chumba chake nyuma ya mbaazi aliniuliza kama kweli namjengea mama mkwe ndani ya boma langu, na kama nimeshapanga nitakuwa nalala wapi mimi. Nilimwambia aendelee kupanga matofali. Lakini usidhani sikuwa na wasiwasi. Tangu aje, kila ninapopita karibu na mlango wake nakohoa kwanza, naye anageuza kiti. Maneno yetu yote yalipitia kwako. "Mwambie baba yako mvua inakuja." "Mwambie Susu nimeyaona mawingu." Ulikuwa na subira ya daraja.

Sasa ukumbuke ile Jumapili ya mashine. Nilikuwa nimeinunua mjini mwenyewe, baada ya daktari kuniambia presha yangu ipimwe nyumbani pia, si kliniki peke yake, kwa kuwa wengine hupanda presha kwa kumwona tu mtu wa koti jeupe. Nilikuja nayo kama mtu aliyenunua ng'ombe. Baada ya kanisa majirani walijaa hapa uani, kila mmoja ananyosha mkono, na namba zikawa zinalinganishwa kama magunia ya mavuno. Mzee Mutua wa ng'ambo ya mto alipata kubwa kuliko wote akataka apewe kiti kizuri.

Susu alikuwa ameketi barazani kwake. Ilikuwa Julai, ile baridi ya ukungu, na alikuwa amevaa sweta mbili na leso juu. Ilionekana vibaya apitwe. Mimi sikuweza kumkaribia, kwa hiyo nilimpa jirani yetu Mama Kioko mkanda, nikasimama mbali na kuongoza kazi kwa kidole kama nilivyokuwa nikiongoza majaribio darasani. Mama Kioko akaufunga juu ya sweta zote mbili. Ni nani angekunja mikono ya sweta za mwanamke mzee, mkwe wake akitazama? Mimi mwenye kufundisha sayansi niliona, nikanyamaza, kwa sababu kusema "vua" lilikuwa neno ambalo ulimi wangu haukuwa na njia ya kulitoa.

Halafu Susu akaanza kunisalimia. Hilo nalo ni heshima. Mkwe akiwa uani nawe ukanyamaza, watu watasema umekasirika. Basi akamwambia Mama Kioko aniulize habari za mbuzi, za mbaazi, za mguu wangu, na mashine inaendelea kukaza. Ilipotoa namba, Mama Kioko aliisoma mara mbili. Ilikuwa namba ya kutisha. Wakapima tena papo hapo, mkanda ule ule juu ya sweta zile zile, sasa watu sita wamemzunguka wanatikisa vichwa, na ya pili ikapita ya kwanza.

Unajua kilichofuata, lakini hujawahi kunisikia nikikisema. Niliingia ndani nikatoa kidonge changu. Kidonge nilichoandikiwa mimi, na mwili wangu, na figo zangu. Nilikiweka kwenye kiganja cha Mama Kioko nikasema ampe upesi. Alikuwa tayari ameshika kikombe cha maji ulipotokea upande wa bomba, mtungi begani. Hukupiga kelele. Uliutua mtungi, ukaufunga mkono wa Mama Kioko na kidonge ndani yake, ukasema, "Baba, mmepima sweta."

Kisha ukawaambia watu waende kunywa chai kwangu. Ukamwingiza Susu ndani, ukafunga mlango. Mliketi humo muda mrefu hata wengine wakaanza kunong'ona. Baadaye uliniambia kwamba humo ndani hamkufanya kitu chochote. Ulimpeleka chooni kwanza, ukamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili sakafuni, mkono mtupu juu ya meza, usawa wa moyo, na ukamwomba asiseme neno kwa dakika tano. Ndipo ukapima. Ukangoja kidogo, ukapima tena. Namba ilikuwa ya mtu mzee ambaye presha yake imepanda kiasi, ya kutazamwa, si ya kukimbilia.

Nilitaka kuuliza umeyajulia wapi. Yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, ambayo mimi niliikunja nikaiwekea mguu wa meza unaoyumba.

Mpime asubuhi na jioni, siku kadhaa, ndipo umpeleke kliniki na namba zote: hivyo ndivyo ulivyofanya, na daktari akampa dawa yake mwenyewe, kidogo, inayomfaa. Kama angekunywa yangu siku ile angeweza kuanguka. Hilo daktari aliniambia bila kunitazama usoni, kwa hisani. Nashukuru kwa mtungi ule wa maji. Nashukuru kwa bomba kuwa karibu. Nashukuru kwamba hukunifokea mbele ya watu, ingawa nilistahili.

Lakini ulikuwa na sababu nyingine ya kuogopa kuondoka, nayo hukuisema Jumapili hii pale jikoni. Ni mimi. Nami nitaisema badala yako.

Uliona kwenye kalenda ya ukutani, pale ninapoandika presha yangu, kwamba nilikuwa na afya nzuri mno. Namba zangu zote zilikuwa nzuri. Ukashangaa, hadi asubuhi moja ukasikia mashine ikivuma chumbani kwangu, ikanyamaza, ikavuma tena, ikanyamaza, ikavuma tena. Nilikuwa napima mpaka nipate namba ninayoipenda, hiyo ndiyo ninayoiandika. Nilikuwa nachambua namba kama maharagwe, mabovu nayatupa. Ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Baba, na wanafunzi wako ulikuwa unawaruhusu wafanye mtihani mpaka wapite?" Nilicheka, lakini lilinichoma. Niliwahi pia kuacha dawa kwa majuma kadhaa kwa sababu namba zilikuwa nzuri, nikifikiri presha ni kama malaria, unaimaliza na kuendelea na maisha. Namba zilikuwa nzuri kwa sababu ya dawa. Ni sawa na mtu anayeona nyumba haivuji, akapanda kuondoa mabati.

Nilijifunza jambo hapo ambalo sikulipata katika miaka yote ya ubao na chaki. Si ujinga peke yake unaotupoteza. Mara nyingi tunajua vizuri, lakini tunataka jibu fulani, na tunaendelea kuuliza mpaka tulipate. Utakutana na hali hiyo Kitale na haitakuwa na mkanda wala kitufe. Utaitambua tu kwa sababu utakuwa unauliza swali lile lile mara ya nne.

Sasa nifike kwenye jibu.

Jumatatu ulipoenda Nairobi kufuata vyeti vyako ukalala kwa binamu yako, tulibaki wawili bila daraja. Jumanne asubuhi nilikuwa nafungulia kuku. Nikasikia Susu anaongea dirishani kwake. Nilidhani kuna mgeni. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na yule mbuzi mweusi uliyemfunga karibu na dirisha, na Susu alikuwa anamtuma.

"Wewe mbuzi," alisema, "mwambie baba yake Mumbua alete hicho kitu. Na umwambie mtoto huyu asipoenda kazini kwa ajili ya mkono wangu, mkono huu nitaukata nimpe aende nao."

Mwaitu, nilisimama na mlango wa kuku mkononi. Alikuwa amekusikia Jumapili. Jiko letu halina siri, na sisi tulidhani masikio yake yamezeeka.

Nilikohoa. Nikamwambia mbuzi amwambie mama kwamba mkanda hufungwa kwenye ngozi, si juu ya nguo, na kwamba mimi siwezi kuingia.

"Mwambie najua," alisema Susu. "Nimefungwa kila asubuhi miaka hii yote. Anafikiri nilikuwa nimelala?"

Nilileta mashine, nikaiweka juu ya kizingiti cha dirisha. Pazia lile la maua ulilolishona lilikuwa limefungwa. Nikapitisha mkanda chini ya pazia pamoja na mpira wake mwembamba, mashine ikabaki upande wangu. Nikasikia akisogeza meza ndogo hadi chini ya dirisha, kisha kiti. Nikasikia sweta ikivuliwa na pumzi ya mtu anayepambana na kitu kwa mkono mmoja. Mara ya kwanza aliufunga kichwa chini. Mashine ikaonyesha kosa, nikamwambia mbuzi kwamba mpira unatakiwa uelekee kiganjani. Mara ya pili ulilegea ukateleza. Alitukana kidogo, kwa Kikamba cha zamani ambacho hata mimi sikukijua chote. Mara ya tatu akasema, "Tayari."

Nikasema tungoje dakika tano bila maneno.

Basi tukangoja. Nilikuwa nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo wangu ukutani, naye yuko upande wa pili wa ukuta huo huo. Tangu nimwoe binti yake sijawahi kuketi karibu naye kiasi hicho. Mbuzi anatafuna. Jua linaanza kupasha udongo. Siku zote niliiona nthoni kama kizuizi katika jambo hili la presha, ndiyo iliyotufanya tupime sweta. Asubuhi hiyo nilitambua kwamba hakuna watu wawili Kalama nzima wanaojua kukaa kimya pamoja bila kuona haya kama mimi na yeye. Tumejizoeza maisha yote. Katika ukimya ule nilimkumbuka mama yako, na nadhani na yeye alikuwa anamkumbuka, kwa sababu nilisikia akivuta kamasi. Nikamwongezea dakika, presha isije ikabeba machozi.

Nilipobonyeza, namba ilikuwa jirani kabisa na zile unazozipata wewe. Ya pili vilevile. Nikamsomea mbuzi kwa sauti. Susu akasema, "Muvea," asante, na kwa mara ya kwanza hakumpa mbuzi neno hilo anifikishie. Alinipa mimi.

Kisha akarudi kwa mbuzi wake. "Na yeye apime, nisikie akisoma. Namba ya kwanza na ya pili, si ile anayoipenda." Kumbe hata kalenda yangu ulimsimulia. Nilipima pale pale kwenye kizingiti baada ya kutulia, mkono juu ya gogo la kupasulia kuni lililowekwa juu ya jingine, nikazisoma zote mbili. Hazikuwa nzuri sana. Nimeziandika.

Tumefanya hivyo jana na leo pia, kabla hujaamka. Ulidhani nimekwenda kukamua. Hatukukuambia kwa sababu Susu alitaka kwanza auzoee mkanda, asije akaaibika mbele yako.

Hivyo swali lako la Jumapili limejibiwa. Susu atajifunga mwenyewe, mimi nitasoma, na kila mmoja atamlinda mwenzake asichambue maharagwe. Mashine ikionyesha namba mbaya, tutapumzika na kupima tena. Ikibaki mbaya, tutaenda kliniki. Na ikiwa mbaya huku mmoja wetu anaumwa kifua, au anakosa pumzi, au ulimi mzito, au mkono umelegea, hatutangoja wala kukupigia wewe kwanza. Tutamwita Kioko na gari lake tuelekee mjini. Namba tutakusomea Jumapili kwa simu kwa sababu utazitaka, lakini mwenye kuamua dawa ni daktari. Si wewe, si mimi, wala si Mama Kioko.

Nenda, mwaitu. Hatukufukuzi, wala si kwamba tunakuhitaji kidogo. Tumekuhitaji sana hadi tukajifunza kutoka kwako, na huo ndio mwisho mwema wa kazi ya mwalimu yeyote. Nimefundisha watoto wengi, wengine ni wakubwa wa ofisi sasa. Aliyenifundisha mimi kutulia kabla ya kuamini kitu ni wewe, ukiwa na mtungi wa maji begani. Nakuita mwaitu, mama yangu, kwa kuwa nilikupa jina la mama yangu. Sikujua ningeishi kuona ukilistahili.

Kuna jambo moja limebaki. Jana, baada ya mimi na yeye kumaliza, Susu aliuliza kutoka upande wake wa pazia, na hapo hakumtuma mbuzi: "Na huyu anayetupima sisi, yeye hupimwa na nani?"

Damu hiyo ya presha ni ya kwake na ni yangu, imekujia kutoka pande zote mbili, na katika kalenda zote zilizotundikwa ukutani hapa hakuna namba yako hata moja. Hatujui. Huenda ni nzuri. Lakini tumekwisha kukubaliana, wewe na mimi, kwamba mtu hajui mpaka akae na kupima.

Susu ameshaandaa kiti. Ameniambia nisiwepo karibu na dirisha. Basi asubuhi hii, kabla ya chai na kabla ya kubeba mkoba, nenda kwake, vua sweta, nyoosha mkono juu ya meza, nyamaza, umwache akufunge mkanda.

Baba yako